Siku ya Kumi na Nne

Saa nne asubuhi ndiyo saa nzuri ya kumkagua kondoo huku Maguu. Kabla ya hapo ukungu unakuwa bado umelala mabondeni, manyoya yana umande, na vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Ukichelewa, jua linakuwa utosini, mnyama anadai malisho na mwenye mnyama anawaza kahawa yake. Saa nne mwanga unaingia bandani kwa ubavu, manyoya yamekauka, na mdudu mwenye urefu wa milimita mbili anaonekana vizuri kwa jicho lililozoea kumtafuta.

Maguu ni kata ya Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, katika milima ya Wamatengo. Milima hii inajulikana mbali kwa kahawa ya arabika na kwa ngolo, vile vishimo vinavyopangwa kwenye miteremko mikali ili mvua isiondoke na udongo. Sifa hizo ni za haki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Kyoto, Japani, walipofika Mbinga miaka ya 1990, ngolo ndizo walizokaa nazo kwa muda mrefu, na walikuwa na sababu. Lakini kuna ustadi mwingine wa huku ambao mgeni anaupita bila kugeuza shingo, kwa kuwa unafanyika kwa kuchuchumaa nyuma ya nyumba na ukifanikiwa hauachi kitu cha kuonyesha. Nao ni ustadi wa kuwaweka kondoo na mbuzi bila chawa.

Kondoo huku si wengi. Ufugaji wa milima hii ni wa mbuzi, nguruwe, kuku, na ng'ombe mmoja mmoja, na kondoo anaishi pamoja na mbuzi katika banda moja. Nadhani hiyo ndiyo sababu ustadi wa kumtazama umekuwa mkali. Mbuzi akiwashwa anajulisha kijiji kizima: anajikuna kwa pembe, anapiga kelele, anapanda juu ya kila kitu. Kondoo hunyamaza. Anaweza kubeba chawa elfu kadhaa huku akicheua kwa utulivu, na dalili pekee ikawa ni kishada cha manyoya kilichonasa kwenye mbao za banda, mahali ambapo juzi hakikuwapo. Mfugaji hodari anazisoma mbao kabla ya kumgusa mnyama. Akiona manyoya yamenasa kimo cha mbavu, anajua nani amekuwa akijisugua, maana anawajua wanyama wake kwa rangi na kwa kimo.

Nimeuona ustadi huu zaidi mikononi mwa kina mama wazee, na nitaeleza namna mmoja wao anavyofanya, kwa sababu ni kazi inayostahili kuelezwa polepole.

Anamshika kondoo jike, anamwegemeza ubavu kwenye goti lake, na kumgeuza ili mwanga uingie kwenye manyoya kutoka nyuma. Hatumii ncha za vidole. Anatumia migongo ya vidole gumba vyote viwili: anaviweka pamoja, anavibonyeza hadi ngozini, halafu anavitenga taratibu. Manyoya yanagawanyika na mstari wa ngozi, mrefu wa kidole, unabaki wazi. Anapuliza mara moja, pumzi fupi, ili nywele fupi zilale. Kisha hafanyi kitu. Anatazama tu kwa muda wa kuhesabu hadi tano. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, maana tunafunua, hatuoni kitu, tunafunika. Chawa anayetafuna ngozi hukimbia mwanga, na akishtushwa hutulia kwenye shina la unywele. Ukimpa nafasi ataanza tena kutembea, na kinachotembea ndicho jicho linachokamata.

Anaanzia nyuma ya bega, anashuka mbavuni, anarudi kwenye uti wa mgongo, anaingia chini ya shingo, kwapani, ndani ya paja, kwenye shina la mkia. Halafu anafanya kitu ambacho wauzaji wa dawa wengi hawakifanyi: anaangalia uso, kuzunguka macho na chini ya masikio, na anainua miguu mmoja mmoja hadi juu kidogo ya kwato, penye nywele fupi ngumu. Upande mmoja ukiisha, anamgeuza mnyama na kuanza upya. Nchini Australia, ambako sufu ni mali ya taifa, wafugaji wanashauriwa kuifunua mahali 10 kila upande wa mnyama, kwa wanyama 10 au zaidi, kabla ya kusema kundi ni safi. Mama huyu hajawahi kuusikia ushauri huo, na bado mkono wake hupita mahali pengi kuliko hapo, kwa mnyama mmoja.

Mjukuu wake, kijana wa sekondari, alikwisha kufika na chupa mkononi.

"Bibi, dawa hii hapa. Nipulizie?"

"Subiri kwanza, mjukuu wangu. Umewaona wapi?"

Swali hilo fupi limebeba elimu nzima. Ukijua umemwona chawa wapi, na ana rangi gani, umekwisha kumjua ni nani, na ukimjua ndipo unajua dawa ipi itamwua.

Kuna chawa weupe, au tuseme wa rangi ya majani makavu, wenye kichwa kipana chekundu. Hao hukaa mbavuni na mgongoni. Wana taya, hutafuna mba, mafuta ya ngozi na takataka nyingine za juu ya ngozi. Hawanywi damu, lakini miguu yao na meno yao vinamkera mnyama asipate kula wala kulala. Halafu kuna chawa wa samawati iliyokolea, wanaoonekana karibu weusi wakiwa wameshiba. Wana kichwa chembamba kilichochongoka, na hukaa mahali pamoja wakiwa wamezamisha midomo yao ngozini. Hawa wanafyonza damu. Baadhi yao wana makazi yao maalumu: wako wa usoni na wako wa miguuni, ndiyo maana mama yule haachi kuinua kwato. Akiwakuta hao wa damu, anavuta kope ya chini ya jicho la kondoo na kutazama utando wa ndani. Ukiwa mwekundu, anashukuru. Ukiwa mweupe, anashuku kwamba chawa si peke yao, kuna minyoo tumboni nayo inanyonya, na tiba inapaswa kwenda pande mbili.

Tofauti hiyo ina gharama za fedha. Sindano ya ivamektini, ambayo wengi huiamini kuliko kitu kingine chochote dukani, hupita katika damu. Kwa hiyo humfikia vizuri chawa anayekunywa damu. Yule mtafunaji wa mba haifiki kwake ipasavyo. Nimewaona wafugaji wakimchoma mnyama sindano, wakirudi baada ya wiki mbili wakiwakuta chawa weupe wametamalaki, na kumlaumu mwenye duka kwamba kauza maji. Dawa haikuwa maji. Ilitumwa kwa mtu asiyekuwapo nyumbani. Kwa chawa weupe inahitajika dawa ya nje, ya kupulizia, kuogesha au kumwaga mgongoni, inayogusa manyoya na ngozi yenyewe.

Sasa nije kwenye siku ya 14.

Chawa hana maisha nje ya mnyama. Hazaliwi kwenye samadi, hatoki kwenye majani, wala haletwi na ukungu. Jike hutaga yai moja moja na kuligundisha kwenye unywele, karibu kabisa na ngozi, kwa gundi ambayo maji hayaiyeyushi. Ukiutazama unywele huo mbele ya jua, yai linaonekana limekaa upande mmoja, jeupe, dogo kuliko punje ya ufuta. Chawa mtafunaji wa kondoo hutaga polepole, kama mayai mawili kwa siku tatu. Yai hukaa siku 10 hivi ndipo kuanguliwa. Mtoto anayetoka anajivua ngozi mara tatu, kila hatua wiki moja hivi, hadi awe mkubwa wa kutaga. Kutoka yai hadi yai ni siku 34 au karibu na hapo. Wale wa damu wengine huenda haraka zaidi, siku 20 na kitu.

Dawa nyingi za kupulizia huua chawa wanaotembea. Mayai hayazisikii. Yamefunikwa, yamefungwa, yanasubiri. Kwa hiyo mtu akipulizia leo, kesho atafunua manyoya na kuona maiti, atafurahi na kuliweka bomba juu ya dari. Baada ya siku 10 mayai yote yatakuwa yameanguliwa, na baada ya mwezi kundi litakuwa pale pale lilipokuwa. Mwenye ustadi anarudi wakati mayai yamekwisha kuanguliwa lakini waliotoka bado ni watoto, hawajataga. Mlango huo wa wakati ni mwembamba. Ukiwahi mno, mayai mengine bado yamefungwa. Ukichelewa mno, wa kwanza kuanguliwa wamekwisha kutaga. Siku ya 14 iko katikati ya mlango huo, na ndiyo siku inayomtenga mfugaji na mtu mwenye mifugo.

Huku milimani, ambako Wakatoliki ndio wengi, hesabu hiyo ina njia yake nyepesi. Dawa hupulizwa Jumamosi. Misa mbili zikipita, Jumamosi inayofuata ni ya dawa tena. Hakuna haja ya kalenda wala ya simu kukumbusha. Sijui hesabu nyingine ya kitabibu iliyokaa kwenye maisha ya watu kwa upole namna hii.

Kupulizia kwenyewe nako kuna adabu zake. Asubuhi ya siku ya dawa wanyama hupewa maji kwanza, ili wasiwe na kiu wakalamba dawa mwilini. Huchaguliwa siku ya jua, kwa sababu mnyama aliyeloa hadi ngozini na kulala na baridi ya Umatengo anaweza kuamka na homa ya mapafu. Dawa huchanganywa kwa kipimo cha kibandiko na si kwa rangi ya maji. Bomba la mgongoni huwa la mifugo peke yake. Hili nalisisitiza kwa sababu kila nyumba ya kahawa ina bomba la kupigia mrututu na dawa za chulebuni, ugonjwa wa mibuni, na kishawishi cha kutumia lile lile ni kikubwa. Masalia ya sumu ya shambani yamewaua mbuzi wengi ambao wenyewe walidhani wamerogwa. Mpulizaji anasimama upande upepo unakotoka, amejifunga kitambaa puani na kuvaa glavu. Anaanza na mgongo kwa kwenda kinyume cha manyoya ili dawa iingie ndani, halafu tumbo, kwapa, ndani ya masikio kwa kitambaa kilicholoweshwa, na mwisho miguu hadi kwato. Mnyama anapoachiwa, maji yanapaswa kudondoka tumboni mwake. Asipodondosha, ameoshwa vumbi tu.

Na wote hupuliziwa siku ile ile. Mbuzi na kondoo, wakubwa na wadogo, hata yule beberu mkorofi anayefungwa peke yake nyuma ya mgomba. Chawa wa samawati wa huku barani Afrika hawachagui: huishi kwa kondoo na kwa mbuzi pia. Mnyama mmoja akiachwa, yeye ndiye mbegu ya mwaka ujao. Wanakondoo huambukizwa na mama zao mara tu wanapozaliwa na kulala ubavuni mwao, kwa hiyo wafugaji makini huhakikisha jike amesafishwa kabla hajazaa, na kwa mwenye mimba au kinyonya humwuliza kwanza afisa mifugo wa kata dawa ipi inamfaa.

Kwa nini hasa milima hii isumbuliwe na chawa kuliko ufukweni? Kutoka Umatengo hadi Mbamba Bay ni mteremko hadi kwenye maji ya Ziwa Nyasa, ambayo uso wake uko kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Kule chini ni joto. Mbuzi wa Liuli, huko ufukweni, hulala mchangani na jua linawapiga mchana kutwa. Jua ni adui mkubwa wa chawa. Kwenye mgongo wa kondoo aliyesimama juani joto la manyoya linaweza kupita nyuzi 45, na chawa na mayai yao hawalihimili. Huku juu, kuanzia Machi hadi Julai, mnyama hukaa ndani zaidi: kwanza kwa sababu mahindi na maharage yako shambani na hatakiwi kuzurura, halafu kwa sababu ya baridi ya Juni na Julai. Manyoya yanakuwa marefu, wanyama wanalala wakiwa wamebanana, chakula kinapungua ubora. Chawa wachache waliovuka kiangazi kilichopita wanazaana taratibu miezi yote hiyo, na Julai ndipo mwenye nyumba anaposhtuka. Mama yule hushika ukaguzi wake Aprili. Anawatafuta wakati ni wachache na ni wagumu kuonekana, na hilo ndilo linalonifanya nimvulie kofia.

Kondoo wetu wana bahati moja. Wengi wao ni wa manyoya mafupi, si wa sufu. Chawa mtafunaji anapenda sufu nene, yenye joto lisilobadilika karibu na ngozi, na kule kwenye mamilioni ya kondoo wa sufu ndiko vita vyake vimepiganwa kwa karne nzima na zaidi. Mwaka 1852 William Cooper, tabibu wa mifugo wa Berkhamsted huko Uingereza, alianza kuuza unga wa kuogeshea kondoo uliotengenezwa kwa aseniki na salfa. Unga huo ulienea kote kondoo walikofugwa. Uliua chawa, na aseniki ni aseniki: ilibaki kwenye udongo wa majosho ya zamani hata baada ya waliochimba majosho hayo kufa.

Dawa za leo zina historia ya karibu nasi zaidi, na nashangaa kwamba haielezwi mashuleni. Mafuta ya ua la pareto ni sumu ya wadudu iliyojulikana zamani, na pareto inalimwa nyanda zetu wenyewe, Makete, Mufindi na Mbeya, na kiwanda cha kuikamua kiko Mafinga. Kasoro yake ni kwamba jua huiharibu haraka. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitengeneza permethrini, iliyoigwa kutoka kwenye umbo la sumu ya pareto lakini yenye kustahimili mwanga. Sehemu kubwa ya chupa za kuogeshea zilizopangwa kwenye maduka ya pembejeo ya Mbinga ni ndugu wa dawa hiyo. Kwa hiyo kijana wa Maguu anapopima mililita zake, anapima kitu ambacho wazo lake lilitoka kwenye ua jeupe linalochanua milimani huku kwetu Kusini. Ivamektini nayo ilitoka kwenye bakteria wa udongo wa Japani aliowakusanya Satoshi Ōmura. Yeye na William Campbell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Kabla ya chupa kulikuwa na utupa. Ni kichaka chenye maua meupe au ya zambarau, majani laini yenye vinyweleo, na hupandwa kando ya mashamba nyanda za juu kusini. Wazee walitwanga majani yake, wakayaloweka, wakachuja na kumwosha mnyama kwa maji hayo. Dawa hiyo ni ya kweli, kwa sababu majani ya utupa yana rotenoni, sumu ambayo hata viwandani iliwahi kuuzwa kwa ajili ya wadudu wa mifugo. Udhaifu wake ni kwamba hakuna anayejua nguvu ya ndoo ya leo ikilinganishwa na ya jana. Kichaka kimoja hutofautiana na kingine. Na wavuvi wa zamani waliujua utupa kwa kazi nyingine: ukiumwaga mtoni, samaki huelea. Hapo zana za zamani na za sasa zinakutana, maana dawa za kizazi cha permethrini nazo huua samaki kwa kiasi kidogo sana.

Jambo hili kwa Umatengo ni zito. Mto Ruvuma unaanzia katika milima hii. Vijito vingine vinamwaga maji kwenye Ruhuhu na vingine vinakwenda moja kwa moja ziwani, na samaki aitwaye mbasa wa Ziwa Nyasa hupanda Ruhuhu kwenda kutaga mayai. Maji yaliyosuuza bomba huku juu, yakitupwa kijitoni, yanaanza safari ya kuelekea kwa watu na samaki wasiojua lolote kuhusu chawa wetu. Mfugaji ninayemsifu husuuza bomba mbali na mto na mbali na kisima, kwenye shimo alilochimba katika ardhi kavu, na hachanganyi dawa nyingi kuliko atakayoimaliza.

Kuna mazoea mengine ambayo siwezi kuyasifu hata kwa ajili ya umri wake. Kumpaka mnyama oili chafu ya gari kunaua baadhi ya chawa na kunamchoma ngozi yote. Mafuta ya taa yanafanya vivyo hivyo. Mnyama anayelamba mwili wake anayameza yote mawili. Na maji ya tumbaku, ambayo yalitumika sana huku karibu na Songea na Namtumbo kwenye tumbaku nyingi, yana nikotini inayopita ngozini. Mwanakondoo mdogo anaweza kufa nayo kabla ya chawa wake.

Halafu kuna tabia ya kuipunguza dawa ili chupa ifike msimu ujao. Naielewa, chupa ni ghali na kahawa hulipa mara moja kwa mwaka. Lakini dawa dhaifu huua chawa walio dhaifu na kuwaacha wenye nguvu wazaane. Australia walijifunza hilo miaka ya 1980, baada ya dawa za kumwaga mgongoni za jamii ya permethrini kupendwa na kila mtu kwa urahisi wake: katika muda wa miaka michache wakatokea chawa wasiozisikia. Kundi la mbuzi wanane wa Maguu linaweza kufika huko huko likipuliziwa nusu kipimo kila mwaka na mkono ule ule.

Lakini ninaporudi kumtazama mama yule naona kwamba dawa ni sehemu ndogo ya kazi yake. Siku nyingi za mwaka hapulizii kitu. Analisha. Mabua ya maharage baada ya kuvuna yanaanikwa na kuwekwa juu ya chanja badala ya kuchomwa. Majani ya viazi vitamu, maganda ya ndizi, na majani yaliyokatwa kwenye matuta yanaingia bandani kila jioni. Mnyama aliyeshiba ana ngozi yenye mafuta, ana nguvu ya kujilamba na kujikuna kwa meno, na chawa hawamwezi. Aliyekonda ndiye wanayemjaa. Ndiyo maana akikuta mmoja tu ana chawa wengi na wenzake hawana, hakimbilii bomba; anamfungua mdomo na kuangalia meno, anamtazama kinyesi, anauliza kama ananyonyesha mapacha. Chawa wamemwambia kuna jambo.

Banda lake limeinuliwa kwa nguzo, sakafu ni ya chaga zenye nafasi, kinyesi na mkojo vinadondoka chini, na samadi inakwenda kwenye mikahawa. Sakafu kavu ni nusu ya afya ya kwato na mapafu. Kwa chawa wenyewe banda lina lawama ndogo kuliko tunavyodhani. Chawa aliyeanguka kwa kawaida hufa ndani ya siku chache, wale wa miguuni wakijikaza zaidi, kwa hiyo hakuna haja ya kuchoma banda moto wala kumwagia sumu kuta zake. Anatoa matandiko ya zamani siku ya kwanza ya dawa, anaweka mapya, basi.

Mlango halisi wa chawa ni mnyama mgeni: wa mnadani, wa mahari, wa kukopeshwa na ndugu. Mama yule ana kibanda kidogo pembeni, cha nguzo nne, na mgeni hulala humo mwezi mzima, anapata dawa zake mbili kwa Jumamosi zake mbili, na hajumuiki na wenyeji hata siku ya mvua kubwa. Majirani wengine huona ni ukatili kwa mnyama aliyezoea kundi. Yeye humfunga mahali anapoweza kuwaona na kuwasikia wenzake, na hapo hoja inaisha.

Mnadani kwenyewe hununua kwa namna inayowaudhi wauzaji. Anamshika kondoo, anamgeuza jua limpige kwa nyuma, vidole gumba viwili vinaingia nyuma ya bega. Anafunua, anapuliza, anangoja. Anakwenda kwapani, shina la mkia, chini ya sikio, anainua mguu. Anauliza mnyama analala na nani na huko anakotoka dawa ilipulizwa lini mara ya pili. Muuzaji akijibu kwa kutaja mara ya kwanza tu, mama anajua anachonunua, na ndipo anapoanza kuzungumza bei.